Hatujalipia ada ya zimamoto, nyumba ikiwaka watazima au watatuangalia tu?

"Habari. Mwaka jana tulinunua nyumba Tennessee, Marekani, nje ya mji, kama maili nne hivi kutoka mpaka wa mji. Mwezi uliopita ikaja barua inasema tulipe dola 110 kwa mwaka ili zimamoto ya mji iwe inatuhudumia. Mume wangu akajua ni matangazo au matapeli, akaitupa. Sasa jirani ananiambia bila hiyo hela nyumba ikiwaka wanaweza kuja wakasimama tu, na akanionyesha habari ya familia moja yaliyowakuta mwaka 2010. Hii ni halali kweli? Kodi ya nyumba si tunalipa? Na moto ukitokea si nawaambia palepale nitalipa chochote wanachotaka? Tunaishi na mama mkwe, anatembea kwa shida, hilo ndo linaninyima usingizi. Na hata kama ni halali, mtu anawezaje kusimama na mpira wa maji mkononi akaangalia nyumba ya mwenzake inateketea?"

Dada yangu, pole kwa huo usingizi, na ngoja nianze na mama, manake najua hata nikieleza sheria ukurasa mzima akili yako itakuwa kwake. Karibu kila sehemu inayotumia mfumo huu wa ada, kanuni ni kwamba kama kuna mtu yuko hatarini wanaingia kumtoa, awe amelipiwa au hajalipiwa. Hata ule mji wa kwenye habari aliyokuonyesha jirani yako ulikuwa na kanuni hiyo. Kwa hiyo ukipiga 911, namba ya dharura, maneno ya kwanza kutoka mdomoni yawe anwani yenu na kwamba kuna mama mzee ndani hawezi kutoka mwenyewe, mengine yafuate. Usiku wa leo lalia hilo, ila usiligeuze kuwa mpango wa familia, na sababu yake nitaieleza huko chini.

Barua yenyewe inawezekana kabisa ni ya kweli. Mumeo hakukosea kuwa na shaka, barua za namna hii zinakuja zimekaa kama tangazo, hazina bahasha ya serikali ya kutisha, zimeandikwa Kiingereza cha ofisini, na wengi wetu tuliohamia huku tumezoea kutupa karatasi za posta kwa mafungu. Cha kufanya usipige namba iliyo kwenye barua. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya mji au ya kaunti, piga, uliza maswali mawili tu: anwani yangu inahudumiwa na zimamoto ipi, na je ni ya kulipia? Simu ya dakika tano.

Sasa kuhusu kodi, hapa ndo watu wengi wanapotea. Kodi ya nyumba mnalipa ndio, lakini mnailipa kaunti, sio mji. Anayeishi ndani ya mpaka wa mji analipa kodi ya mji, na humo ndani mnatoka mishahara ya wazimamoto, magari, mafuta, mafunzo. Ninyi mko nje ya mpaka, mji hauna uwezo wa kuwatoza kodi, na kwa upande mwingine mji hauna wajibu wa kuwahudumia. Kaunti ndo ingeweza kuanzisha zimamoto yake, au kutenga eneo maalumu lenye kodi ya moto, na kaunti nyingi zimefanya hivo. Nyingine hazijafanya, manake kuongeza kodi vijijini ni kitu ambacho mwanasiasa anakiogopa kuliko moto wenyewe. Pengo linabaki, na hapo mji unasema basi, walio nje tutawahudumia ila walipie kwa mwaka. Kwa hiyo hiyo ada haijaja juu ya kodi mliyokwisha kulipia huduma, imekaa mahali ambapo kodi ya huduma hiyo haipo kabisa. Najua haikufurahishi kuisikia lakini ukishaelewa hapo mengine yote yanakaa sawa.

Habari ya 2010 ni ya kweli, na ilitokea Tennessee hiyohiyo, kaunti ya Obion, nje ya mji mdogo unaitwa South Fulton. Ada ilikuwa dola 75 kwa mwaka. Septemba ya mwaka huo moto ulianzia kwenye pipa la kuchomea taka uani ukatambaa mpaka nyumba. Familia ikapiga 911, wakaambiwa hawamo kwenye orodha. Wakasema watalipa gharama yoyote, ikakataliwa. Magari yalikuja baadaye, yalimjia jirani aliyekuwa amelipa baada ya moto kufika upande wake, wakamlindia jirani, nyumba ya hawa ikaungua mpaka chini na wanyama wao wanne, mbwa watatu na paka, wakafia ndani. Mwenye nyumba alisema alisahau tu kulipa. Desemba 2011, mji huohuo, ikatokea tena kwa nyumba nyingine. Ukiniuliza mimi hiyo ya pili inauma zaidi, manake safari hiyo mji wote na nchi nzima walikuwa wameshaiona ya kwanza na kanuni ilikuwa bado ileile.

Je ni halali? Kwa sehemu kubwa ndio, na hili linawashtua watu wote ninaowaeleza. Tumezoea kuamini kwamba serikali ina deni la kutuokoa kila mmoja wetu, lakini sheria ya Marekani haiko hivo. Mahakama zinasema wajibu wa polisi na zimamoto ni kwa umma kwa ujumla, sio kwa mtu mmoja mmoja, yaani wewe binafsi ukikosa huduma kwa kawaida huna kesi. Mwaka 1989 kwenye kesi ya DeShaney, Mahakama ya Juu ilisema katiba inaizuia serikali isikudhuru, haiilazimishi ikulinde na madhara ya watu wengine. Na kuna kesi ya zamani zaidi inayohusu moto wenyewe, ya New York mwaka 1928, kampuni ya maji ilikuwa na mkataba na mji wa Rensselaer kupeleka maji mpaka kwenye mabomba ya zimamoto ya barabarani, jengo likawaka, presha ya maji ikawa haitoshi, ghala la mtu likateketea. Mwenye ghala akashtaki akashindwa. Jaji Cardozo alisema mkataba ulikuwa kati ya kampuni na mji, mwenye ghala hakuwa sehemu yake. Fikiria mtu huyo, ghala lake liko ndani ya mji, huduma imeshalipiwa, bado mlango wa mahakama ukafungwa usoni kwake. Ndo ujue mtu aliye nje ya mpaka na hajalipa anaanzia wapi.

Tennessee yenyewe inafuata kanuni hiyo, lakini mahakama yake ya juu mwaka 1995 (kesi ya Ezell) ilieleza mianya. Kuna mwanya kama maofisa walijifunga kwa vitendo vyao kukulinda wewe na wewe ukawategemea, kuna mwanya kama sheria fulani imekupa haki ya kushtaki waziwazi, na kuna mwanya kama walifanya kwa nia mbaya au uzembe uliopitiliza. Huo wa kwanza ndo wa kuukumbuka. Kama mtu wa 911 amekwambia "wako njiani, kaeni mbali msubiri", na wewe ukaacha kumwita jirani mwenye trekta na tanki la maji kwa sababu ya hilo neno, alafu hawakuja, hapo kuna cha kuzungumza na wakili. Ila kuwa na cha kuzungumza sio kushinda, na nyumba itakuwa imeshaungua.

Ukiwa umelipa, mambo yanabadilika, sasa kuna makubaliano. Lakini soma karatasi, mara nyingi imeandikwa kwamba hawaahidi kufika kwa muda fulani, na kwamba wakiwa kwenye moto mwingine ndani ya mji utasubiri. Maili nne barabara ya kijijini usiku sio mchezo hata kwa aliyelipa.

Swali lako la kulipa palepale naliheshimu, manake ndo swali la kila mtu mwenye akili timamu. Mtu ana hela, anataka kulipa, kwanini ukatae? Jibu la wakuu wa miji ni hesabu. Chukua nyumba 800 mara dola 75, unapata dola 60,000 kwa mwaka, na gari moja jipya la pampu linaenda dola laki kadhaa. Sasa sema moto ukitokea mtu anaruhusiwa kulipa dola 75 zake siku hiyohiyo, nani atalipa Januari? Hakuna, manake nyumba nyingi haziungui maisha yote. Wakiungua watatu kwa mwaka mji unapata dola 225, gari halipo, na mzimamoto hayupo. Hiyo hoja ni ya kweli na mtu asikwambie ni ukatili mtupu, ni tatizo halisi la kila kitu kinachotakiwa kiwepo kabla hakijahitajika.

Lakini angalia hesabu hiyo inathibitisha nini na haithibitishi nini. Inathibitisha kwamba huwezi kuuza huduma siku ya moto kwa bei ya ada ya mwaka, basi. Haisemi popote kwamba huwezi kuiuza kwa gharama yake halisi. Njia ya kwenda kwanza na kuleta bili baadaye ipo na inatumika. Arizona kuna kampuni binafsi, Rural/Metro, iliyoanzishwa 1948 na kwa miaka mingi ndo ilikuwa zimamoto ya Scottsdale kwa mkataba mpaka mji ulipoanzisha ya kwake 2005. Maeneo yaliyo nje ya miji watu wanajiunga kwa ada, na asiyejiunga akiwaka moto wanakuja, wanazima, alafu bili inayofuata inahesabiwa kwa gari na kwa saa, na ni ya maelfu. Inauma, watu wanalalamika, ila wanalalamika wakiwa na nyumba. South Fulton wenyewe mwaka 2012 wakaishia hukohuko, wakaamua kwenda kwenye kila moto na kumtoza asiyejiunga dola 3,500. Kwa hiyo mji uliosema haiwezekani, miaka miwili baadaye uliona inawezekana.

Na sheria haiko tupu upande huu. Kuna wanaosema mtu aliyechanganyikiwa mbele ya moto ahadi yake haina maana, atakubali chochote, mkataba wa hivo si halali. Sheria ya bahari ilishalitatua hili zamani sana. Meli ikiwa inazama na mwokoaji akamtajia nahodha bei ya kumkomoa, mahakama inaweza kuishusha, mkataba wa kimataifa wa uokoaji wa 1989 unasema hivo waziwazi, na mkataba huohuo unasema kuokoa watu ni wajibu na waliookolewa hawadaiwi malipo, malipo ni ya mali. Nchi kavu nayo, kwenye kesi ya Arkansas ya mwaka 1907, madaktari walimhudumia mtu aliyeanguka kwenye tramu akazimia, hakuwahi kukubali kitu chochote, na mahakama ikasema wana haki ya kulipwa kutoka mali aliyoacha. Yaani njia za kisheria za kuzima kwanza na kudai baadaye bei ya haki zipo miaka mia na zaidi, mji unachotakiwa ni kuziandika kwenye kanuni zake kabla moto haujatokea. Tatizo la kweli la njia hii ni kukusanya, manake mtu aliyeunguliwa na nusu ya nyumba mara nyingi hana maelfu ya dola. Hapo inabidi pawe na kulipa kwa awamu, au deni likae kwenye nyumba mpaka siku itakapouzwa.

Kitu kingine cha kusahihisha, manake nina hakika jirani atakuja kukusimulia, ni ile hadithi ya London ya zamani. Baada ya moto mkubwa wa 1666 kampuni za bima zilianza na nyingi zikawa na vikosi vyao vya kuzima moto, nyumba zenye bima zikawekewa kibao cha chuma au cha madini ya risasi ukutani, na watu wanasimulia kwamba vikosi vikikuta kibao si chao vinakunja mikono na kuacha nyumba iungue. Wanahistoria wanaitilia shaka sana hiyo ya kukunja mikono, na ukifikiria utaona kwanini, mitaa imebanana, moto wa nyumba isiyo na bima baada ya dakika kumi uko kwenye nyumba yako uliyoikatia bima. Kampuni zenyewe mwaka 1833 ziliunganisha vikosi vyao kuwa kimoja chini ya James Braidwood, huyu alikufa kazini 1861 ukuta ulipomwangukia kwenye moto wa Tooley Street, moto uliozigharimu kampuni kiasi kwamba zikaiambia serikali mzigo huu hatuuwezi. Sheria ikapitishwa 1865 na mwaka uliofuata London ikawa na zimamoto ya umma. Siku hizi Uingereza sheria ya 2004 inakataza kumtoza mtu kwa kuzimiwa moto wa nyumba. Kwa hiyo akikwambia huu ni utaratibu wa asili uliokuwepo tangu zamani, mwambie waliowahi kuujaribu kwa upana zaidi waliuacha.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, la mtu na mpira wa maji mkononi. Mimi kabla sijaingia kwenye kazi ya kushauri watu mambo ya bima ya moto na sheria zake nilikuwa mzimamoto wa kujitolea kwenye kituo kimoja cha kijijini huku Marekani, kituo cha ada. Orodha yetu ilikuwa karatasi sita zimebanwa kwenye ubao pembeni ya redio, waliolipa wamepakwa rangi ya njano. Usiku mmoja ikaja simu ya moto jikoni, mwenzangu akapitisha kidole kwenye karatasi juu mpaka chini mara mbili, anwani haimo. Chifu akasema twendeni, karatasi tutaisoma tukirudi. Tulikuta moto umeshapanda kwenye makabati ya juu ya jiko na bibi mmoja amesimama barazani na mfuniko wa sufuria mkononi, bado anaushika, hajui kama anaushika. Tuliuzima, jiko likaenda, nyumba ikabaki. Wiki iliyofuata tukaikuta hundi ya yule bibi kwenye droo ya kituo, alikuwa amelipa tangu mwezi wa pili kwa jina la ukoo wake wa kabla ya ndoa na anwani ya sanduku la posta. Hilo jina lilikuwa kwenye orodha, la njano kabisa, ila hakuna mtu angelijua.

Naukumbuka ule mfuniko kila nikisikia mtu anasema "sheria ni sheria, hakulipa". Orodha inatengenezwa na watu. Wapo waliolipa na hawaonekani, waliosahau, waliohamia juzi wakidhani malipo ya mwenye nyumba wa zamani yanawahusu (hayawahusu, mara nyingi ada inamfuata mtu), wapo wapangaji walioamini mwenye nyumba kalipa, wapo wasioweza kuisoma ile barua. Na wapo wabishi kweli ambao wanaweza na hawataki, wanategemea huruma. Ukisimama uani usiku na moto unalia huwezi kuwatenganisha hao.

Wanaotetea kuacha iungue wanaifananisha na bima ya gari, hukukata basi hulipwi. Mfano huo haukai. Bima isipokulipa inakuacha na hasara iliyokwisha kutokea, gari limeshagonga. Mzimamoto aliyesimama anaiangalia hasara inayoendelea kutokea mbele yake na ana uwezo wa kuikata sasa hivi kwa vifaa alivyovishika. Hayo ni matendo mawili tofauti, na nafsi ya mtu inayajua ni tofauti hata kama karatasi inayaweka pamoja. Ndo maana chama kikubwa cha wazimamoto Marekani, IAFF, baada ya South Fulton kililaani utaratibu ule hadharani. Mimi siwalaumu wale vijana waliokuwa kwenye gari, kanuni haikuwa yao. Nalaumu kumfanya mzimamoto awe mkusanya madeni, deni lina ofisi yake, lina karatasi zake, lina mahakama yake.

Alafu kuna suala la usalama ambalo naona ni zito kuliko yote, na ndo sababu nilikwambia usiifanye ile kanuni ya kuokoa watu kuwa mpango. Kanuni inasema tunaingia kama kuna mtu ndani. Nani anajua kama kuna mtu ndani? Chumba cha siku hizi chenye makochi ya sponji na vitu vya plastiki kinaweza kutoka kwenye moto mdogo mpaka kuwaka chote ndani ya dakika tatu mpaka tano, moshi wake unamlaza mtu kabla hajaamka, na anayepiga simu anaweza kuwa dereva anayepita barabarani hajui nyumba ina wangapi. Ukianza kupekua orodha kwanza, ukapanga gari libaki kituoni mpaka uhakikishe kuna mtu, hizo dakika zimeshaondoka. Huwezi kuokoa watu bila kwenda kwa kila moto kana kwamba una mtu ndani. Na cheche hazisomi orodha, kule South Fulton moto ulifika kwa aliyelipa kwa sababu uliachwa ukue kwa asiyelipa.

Haki ya jirani aliyelipa miaka kumi naiona pia, sitaki ufikiri naidharau. Analipa, anabana bajeti, wewe hulipi na unapata kilekile, ana haki ya kukasirika. Lakini hasira yake inatibiwa na bili kubwa kwa asiyelipa, au na ada kuingizwa kwenye bili ya kodi ya kaunti ili wote walipe kidogo. Kaunti zilizofanya hilo la pili zimemaliza mjadala wote huu, hakuna orodha na hakuna anayesahau. Kama lingekuwa langu kuamua ningechagua hilo, na kama haliwezekani mwaka huu basi kwenda kwa kila moto na kudai baadaye. Kuacha iungue ningeliondoa mezani kabisa.

Kwa upande wako, lipa. Kesho ukiweza. Maoni yangu ya haki na sheria hayatazima jiko lako, na dola 110 ni kama dola 9 na senti kwa mwezi. Ukilipa andika jina na anwani ya nyumba yenyewe, sio ya posta, omba risiti, piga picha, na uulize inaisha tarehe gani maana wengine wanahesabu kwa mwaka wa bajeti ambao unaanza Julai. Usidhani benki ya mkopo inailipa pamoja na kodi na bima, uliza. Kama kanuni yao wanakwenda kwa wote na kutoza baadaye, bado lipa, ila utakuwa na amani zaidi.

Bima nayo iangalie wiki hiihii. Fomu ya bima ya nyumba inayotumika sana Marekani ina kipengele cha gharama za zimamoto, na mara nyingi kiwango chake kimekuwa dola 500, kwa hiyo ukiwa na hicho, bili ya 3,500 utabaki nayo 3,000 mfukoni kwako. Kuna pia alama ya eneo, kutoka 1 mpaka 10, ambapo 10 maana yake hakuna zimamoto inayotambulika, na mahali pa ada kampuni inaweza kukuhesabu 10 kwa kutolipia tu, tofauti ya bei ikawa kubwa kuliko ada yenyewe. Muulize wakala wako alama yenu ni ngapi na kwenye maombi mliandika nini. Kama kuna mahali mlijaza kwamba mnahudumiwa na zimamoto na si kweli, rekebisheni sasa kwa maandishi, manake uongo kwenye fomu, hata wa kutojua, ndo kitu cha kwanza wanachokitafuta siku ya kudai. Kutolipa ada kwenyewe kwa kawaida hakuifuti bima yako ya moto isipokuwa hati imesema hivo, soma au usomewe.

Na nyumba yenyewe, kengele za moshi kila chumba cha kulala na koridoni, mama ahamie chumba cha chini chenye mlango au dirisha analoweza kupita na mtu mmoja wa kumshika, mfanye zoezi la kumtoa usiku taa zimezimwa mhesabu dakika. Hilo zoezi ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Pipa la kuchomea taka kama mnalo liondoeni karibu na nyumba, na siku ya upepo lisiwashwe.

Wakili mtafute kama mmeshaungua na walikataa kuja, kama mlikuwa mmelipa na hamkupewa huduma, kama mmeletewa bili ambayo hamuielewi, au kampuni ya bima imekataa kulipa. Msikae mwaka mzima mkifikiria, madai dhidi ya mji au kaunti yana muda mfupi, Tennessee ni miezi kumi na miwili, na anayeyajua hayo vizuri ni wakili wa Tennessee mwenye leseni, kikao cha kwanza wengi hawatozi au wanatoza kidogo. Kama Kiingereza cha karatasi kinawasumbua ombeni mkalimani, msitie sahihi kitu cha mtu wa bima kwa sababu tu anaonekana mpole.

Kuhusu kubadilisha kanuni, kikao cha kaunti kiko wazi na kila mkazi anaruhusiwa kwenda. Nenda na jirani yako yuleyule aliyekuonyesha hiyo habari, mmoja aliyelipa na mmoja aliyechelewa mkisimama pamoja mnasikilizwa zaidi kuliko mmoja mmoja, na ombeni waziwazi ada iingizwe kwenye bili ya kodi. Ukipiga simu ile ya kwanza mwambie aliyepokea akusomee anwani yenu jinsi ilivyoandikwa kwenye orodha yao, herufi kwa herufi, na umwambie aongeze pembeni kwamba kuna mama asiyeweza kutembea na yuko chumba gani.